Mzuka wa Chumba cha Mashuka

Siku ya mwisho ya kupiga filamu, uso wa mzuka ulianza kubanduka.

Ulikuwa unga tu, na aliyepakwa unga huo alikuwa Mlingoti, mwanafunzi mrefu anayeinama kila mlango, mpole hata nzi humfukuza kwa kumwomba. Jasho lilikuwa limeuloanisha unga ukawa ujiuji, na sasa ulimchuruzika shingoni ukadondoka tap, tap, juu ya sakafu ya saruji.

"Kata!" alipiga kelele kijana aliyesimama nyuma ya kamera. "Jamani, mzuka ameiva!"

Wote wakacheka, hata msichana wa kunasa sauti, waliyemwita Sikio, ambaye kwa kawaida hakuruhusu mtu hata apumue. Kijana wa kamera naye jina lake la chuoni lilikuwa Kata, kwa sababu hilo ndilo neno lililomtoka kuliko yote tangu aanze kuongoza filamu hii ya kumalizia masomo. Mlingoti, aliyelala naye chumba kimoja, aliapa kwamba hata usingizini huwa anasema 'kata, kata.'

Walikuwa kwenye chumba cha kuanikia nguo, nyuma ya duka la dobi. Kamba zilivutwa toka ukuta hadi ukuta, na mashuka meupe yaliyolowa yalining'inia safu kwa safu, mtu akisimama katikati haoni pa kutokea. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili pawe usiku. Nje jua lilikuwa lile la kukausha nguo kabla hujamaliza kuianika. Ndani kulikuwa na giza, joto, na harufu ya sabuni.

Na katikati ya mashuka hayo alisimama Pasi.

Hilo jina walimpa wao. Siku walipokuja kuomba chumba walimkuta binti wa dobi anapiga pasi, na hakuinua macho mpaka alipomaliza ukosi wa shati. Alipoyainua, yakagongana na ya Kata, na Kata akasahau alichokuja kuomba. Mlingoti ndiye aliyemalizia ombi.

Mama mwenye duka, dobi wa siku nyingi, mfupi, mwenye mikono iliyokunjamana kwa maji, alikubali kutoa chumba kwa sharti moja: kila wakiwepo, naye awepo. Mwigizaji wao wa kike alipogoma kwa sababu damu ya bandia ilikataa kutoka kwenye meno yake, wakamwomba Pasi ashike nafasi. Mama akamtazama Kata kuanzia viatu hadi nywele, kisha akasema, "Sawa. Lakini nitakuwepo karibu zaidi."

Tangu hapo walikuwa wamejifunza mengi, na karibu yote kwa kuumbuka. Walijifunza kwamba feni ikipeperusha shuka vizuri, sauti yake huifanya nyumba ya mizuka isikike kama duka la kinyozi. Walijifunza kwamba giza totoro halimtishi mtu, kwa kuwa mtu haoni cha kumtisha. Lazima uache kijimwanga. Na siku Kata alipowaonyesha wanafunzi wenzake vipande vya mwanzo, damu na meno na macho mekundu, darasa zima lilicheka hadi wengine wakashika mbavu. Kata alirudi kwenye chumba cha mashuka siku ile akiwa kimya. Pasi alimpokonya shati lake lililochafuka unga, akalifua bila kuulizwa, na hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza la mapenzi kati yao.

Sasa lilikuwa limebaki tukio moja: msichana anakimbia kati ya mashuka, mzuka anamshika, anapiga kelele, mwisho.

"Mpelekeni bombani akanawe, apakwe upya," Kata alisema.

"Bombani kwangu?" Mama aliinuka kwenye kigoda chake nyuma ya safu ya mwisho. "Wewe mrefu, ngoja nikuelekeze. Usije ukaniziba bomba kwa uji wako." Akatoka na Mlingoti, na Sikio akawafuata na bakuli la unga.

Kwa mara ya kwanza siku nzima, wawili wakabaki peke yao.

"Pasi," Kata alianza, "hujapiga kelele bado. Unasema 'nisaidieni, nisaidieni' kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani."

"Ndivyo ulivyoandika."

"Niliandika 'nisaidieni.' Sikuandika 'samahani kwa usumbufu.'"

Pasi akacheka. Kisha kicheko kikamkatikia njiani, akashika pindo la shuka, akalikunja kidogo kidogo kama anayetafuta doa.

"Jumamosi nasafiri," alisema.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi. Mama amenikatia tiketi jana."

"Kumsalimia?"

"Kukaa."

Kata aliiacha kamera, akasogea. Shuka moja tu ndilo lililowatenganisha, na kwa kuwa lilikuwa limelowa, Pasi aliona kivuli cha mkono wake kikilikaribia, kikasita, kikashuka.

"Kwa nini akupeleke?"

"Hujui kwa nini? Mama hana macho? Anakuona unavyonitazama. Amesema nyinyi wa vyuo mkimaliza shughuli zenu hufunga vitu vyenu mkaondoka. Amesema mimi niliishia shule ya msingi, nitabaki hapa nakunja mashuka na moyo umekunjika hivyo hivyo."

"Hayo si kweli, Pasi."

"Mimi najua si kweli. Mwambie yeye."

Maji yalidondoka toka kwenye mapindo.

"Uliniahidi utaongea naye," Pasi aliendelea, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulisema tukimaliza tukio la ngazi. Tukamaliza la ngazi, ukasema tukimaliza la kisima. Kisima nacho tumekimaliza. Sasa unasubiri nini?"

"Mama yako ananitazama kama doa la kutu."

"Unatengeneza filamu ya kuwatisha watu wazima, halafu mama yangu, mfupi vile, unamkimbia?"

"Mzuka najua chini ya unga kuna Mlingoti," Kata alisema kwa unyonge. "Mama yako, chini yake kuna mama yako."

Siku nyingine Pasi angecheka mpaka akae chini. Siku hiyo machozi yalimjia yakagota kwenye kope.

"Basi kaoane na Mlingoti," alisema, akageuka.

"Pasi! Pasi, nisikilize." Kata akalisogeza shuka. Walitazamana kwa karibu kuliko walivyowahi kutazamana, Kata akiwa na vumbi la unga kwenye nyusi, Pasi akiwa na gauni la filamu lililochanwa begani kwa makusudi. Pasi aliuona mdomo wake ukifunguka. Alingoja. Alingoja kama mtu anayengoja maji yachemke, bila kuondoa macho.

"Mmemaliza kukariri?" sauti ya Mama iliuliza mlangoni.

Shuka likarudi mahali pake. "Tumemaliza, Mama," Kata alijibu haraka, na Pasi akafumba macho.

Mama akarudi kwenye kigoda chake, mti wake mrefu wa kukorogea nguo kwenye maji ya moto ukiwa umeegemea ukuta karibu naye. Mlingoti akachukua nafasi yake akiwa mweupe upya, ingawa alilalamika kwamba sabuni imemwingia machoni na dunia anaiona ukungu. Sikio akainua kinasa sauti. Kata akainama kwenye kamera iliyosimama juu ya miguu yake mitatu.

"Haya," alisema, na hata sauti yake ilikuwa imepoteza nguvu. "Tuanze."

Pasi akakimbia. Alipita safu ya kwanza, akapinda, akapita ya pili, kama walivyofanya mazoezi. Mzuka ulitakiwa utokee kushoto. Lakini Mlingoti, na sabuni yake machoni, alikuwa amepotea. Alitokea nyuma, akakanyaga shuka refu, akashika kamba ili asianguke, na shuka zima lililolowa likamwangukia Pasi kichwani na kumganda usoni. Hakuona kitu. Hakupata pumzi. Kisha mkono mrefu, wa baridi, ukamshika bega.

Alikwisha kusahau filamu. Alikwisha kusahau alichoandikiwa. Hofu yote aliyoibeba tangu jana, ya basi la Jumamosi, ya kukaa mbali, ya yule mdomo uliofunguka bila kutoa neno, ilimpanda kifuani, ikapata mlango.

"Mamaaaa! Mama yangu weee!"

Na mama yake, alipoitwa, akaja.

Hakuzunguka mashuka. Alipita katikati yake kama yupo sokoni na mtu amemnyang'anya pochi. Kamba ikakatika, safu nzima ikaporomoka, na mti wa kukorogea nguo ukatua kwenye mgongo wa mzuka, pwaa!

"Mwache! Mwache mwanangu, wewe kiumbe!"

"Mama, ni mimi! Mlingoti! Ulinipa chai asubuhi!"

"Chai ndiyo nini! Toka!" Pwaa!

Kulisikika kishindo kingine, upande wa kamera, ambacho hakuna aliyekijali. Pasi alisikia tu mikono ile migumu ikilibandua shuka usoni mwake, ikamshika mashavu, ikamgeuza huku na huku. "Umeumia wapi? Niambie. Wapi?" Kisha akavutwa kifuani, akashikwa kwa nguvu kiasi kwamba alisikia moyo wa mama yake ukigonga kama mashine ya kufulia iliyopakiwa vibaya.

Hakuna aliyesema kata.

Mama ndiye aliyeinua kichwa. Alimwona Mlingoti amejikunyata pembeni akisugua mgongo. Alimwona Kata, amesimama kando ya kamera, shuka limemzunguka miguuni.

"Na wewe," Mama alisema polepole, "mwanangu analia hapa, wewe ulikuwa unatazama tu?"

Kata alifungua mdomo. Akaufunga.

"Nilikuuliza. Ulikuwa unatazama tu?"

"Mama..."

"Usiniite mama. Chukueni mablanketi yenu. Na hicho mlichokipiga hapa leo, asikione mtu."

Wakafunga vitu vyao. Mlingoti aliomba radhi mara nyingi kuliko aliyempiga. Mlangoni Kata aligeuka, akamtazama Pasi juu ya bega la mama yake, na mtazamo ule ulibaki chumbani hata baada ya mablanketi kutolewa na mwanga kurudi.

*

Asubuhi ya Ijumaa, siku ambayo filamu zote za wanafunzi zilitakiwa kuonyeshwa alasiri, Pasi alikuwa mezani kwake anapiga pasi nguo zake mwenyewe za safari. Kila aliponyoosha moja, macho yalikimbilia mlangoni. Mama alikuwa karoni, mikono ndani ya povu hadi viwikoni.

"Hodi."

Mama hakugeuka. "Chumba kimefungwa."

"Sikuja kwa ajili ya chumba. Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Kata aliingia peke yake. Kamera ilikuwa begani, ndani ya mfuko wake. Alivaa shati la mikono mirefu ambalo Pasi, kwa jicho moja tu, aliona lilipigwa pasi na mtu aliyekuwa anapigana nalo: mkono mmoja una mistari miwili, ukosi umeungua kidogo pembeni. Moyo ulimlainika kwa sababu ya mistari ile kuliko kama angeletewa maua.

"Jana uliniuliza swali," Kata alisema. "Nimekuja kujibu. Mwanao alilia na nilichelewa kufika. Sina la kujitetea. Naomba unisamehe."

Mama akakamua kitambaa. "Na la pili?"

"Umejuaje kuna la pili?"

"Mtu wa neno moja haji amevaa hivyo. Shati hilo nani kakupigia pasi?"

"Mwenyewe."

"Linaonekana."

Pasi aliuma mdomo. Akaiona ile hofu ikimpanda Kata, hofu ile ile ya ngazi na ya kisima. Lakini safari hii haikumfunga.

"La pili ni binti yako. Nampenda. Simpendi kwa ajili ya filamu, filamu ikiisha nitakuwa nampenda bado. Ningependa wazazi wangu waje wakuone. Nilitakiwa kulisema hili zamani, lakini nilikuwa nakuogopa. Hata sasa nakuogopa. Nimeamua tu kuja na woga wangu."

Povu lilikuwa linapasuka taratibu karoni. Mama alimtazama.

"Vijana wengi wana maneno," alisema.

"Mama," Pasi aliita, akaisimamisha pasi wima. "Na mimi nampenda."

"Wewe nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema."

Mama aligeuza kichwa toka kwa mmoja hadi mwingine. Akajifuta mikono kwenye aproni. Alijifuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nionyeshe," alisema.

"Nini, Mama?"

"Hicho cha jana. Nikione kabla sijakichoma."

Kata akafungua kamera, akamwonyesha kioo chake kidogo. Pasi naye akasogea, vichwa vitatu vikakutana. Wakaona mashuka, wakamwona Pasi anakimbia, shuka likamwangukia. Kilio kile kikatoka kwenye kile kidude kidogo, na hata sasa, mchana kweupe, Pasi akasisimka. Kisha mashuka yakapasuka katikati, akatokea mwanamke mfupi.

"Ala!" Mama alisema. "Kitambaa changu kimekaa upande!" Kisha akainama karibu zaidi. Kwenye kioo, mwanamke yule alikuwa na uso ambao hakuna kioo cha ukutani kiliwahi kumwonyesha. "Ndivyo ninavyokuwa?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndivyo ulivyokuwa," Kata alijibu. Kidole chake kikakimbilia kitufe. "Basi, inatosha hapo, Mama."

"Acha iendelee."

"Hakuna kitu tena, ni vurugu tu, nilikuwa nimepanga kuikata..."

"Nimesema acha."

Ikaendelea. Na pembeni mwa picha, upande ambao hapakutakiwa kuonekana mtu, akaingia mtu mwingine mbio. Chuoni sheria ya kwanza waliyofundishwa ni kwamba anayeongoza haingii kwenye picha. Akiingia, picha imekufa. Kata alikuwa ameingia mzima mzima. Aliruka kamba iliyokatika, shuka likamnasa miguu, akaenda chini kifudifudi kama gunia. Akainuka. Akanaswa tena. Akaanguka tena. Alipofanikiwa kusimama, mama na mwanawe walikuwa wamekwisha kukumbatiana, na kwenye picha alionekana akirudi kinyumenyume kuelekea kwenye kamera, anahema, amelivuta shuka lote.

"Huyu anayeanguka ni nani?" Mama aliuliza, ingawa alimjua.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unakimbilia wapi?"

Kata alimtazama Pasi. "Kwake."

Pasi alihisi joto likimpanda toka miguuni. Kwa hiyo kile kishindo kilikuwa yeye. Na hakusema! Alisukumwa nje kama mtu asiye na moyo, na hakusema!

"Kwa nini hukuniambia jana?" Mama aliuliza.

"Wewe ulifika, mimi nikaanguka. Ningejisifia nini?"

Mabega ya Mama yakaanza kutikisika. Pasi alidhani analia, mpaka kicheko kilipomtoka, kicheko cha tumboni kilichomlazimu ashike ukingo wa karo. "Rudisha," alisema akijifuta macho. "Rudisha nimwone anavyokwenda chini." Wakarudisha. Akacheka tena. Kisha akavuta pumzi.

"Kaonyeshe watu wenu. Na hapo pa kuanguka," alimnyooshea kidole, "usipakate."

"Na lile la pili, Mama?"

"La pili nitakujibu nikitaka. Vua hilo shati kwanza, mwenzako alinyooshe. Huwezi kwenda mbele za watu hivyo kutoka dukani kwangu."

*

Ukumbi wa chuo ulijaa hadi ngazini. Walimu walikaa safu ya mbele. Mama alikaa katikati ya Pasi na Kata, amevaa nguo yake ya heshima, mkoba mapajani, anatazama huku na huku kuona nani nguo zake hazikunyooshwa.

Filamu zilizotangulia zilikuwa na mizuka mingi, na watu walikula karanga. Kisha taa zikazimwa, na kwenye pazia jeupe la mbele pakatokea maandishi: *Chumba cha Mashuka*.

Pasi alijua lini karanga zilikoma. Zilikoma kwenye ngazi. Kufika kisimani, hata kiti hakikulia. Na msichana yule alipoanza kukimbia kati ya mashuka, mtu nyuma yao alianza kunong'ona, "Usiende huko, dada, usiende..."

Shuka likaanguka. Mkono ukatokea.

"Mamaaaa!"

Ukumbi mzima ukaruka. Kijana mmoja mnene, anayejulikana chuoni kwa ubabe, naye akapiga ukelele, "Mama!" akamdandia jirani yake. Kabla watu hawajapata pumzi, mashuka yakapasuka, na mwanamke mfupi akatokea na mti wake.

Haikusikika tena sauti ya filamu. Watu walisimama. "Mpige! Mpige, mama! Tena!" Mlingoti, safu ya tatu, alijishika mgongo akapungia watu mkono kama mchezaji aliyefunga bao. Kata wa kwenye pazia alipoanguka mara ya kwanza, kicheko kiligonga dari. Alipoanguka mara ya pili, wengine walishuka kwenye viti. Kisha, ghafla, pakatulia. Mama alikuwa anamshika mwanawe mashavu. *Umeumia wapi? Niambie.* Mwalimu mmoja wa safu ya mbele alivua miwani. Picha ikaganda kwa wale wawili waliokumbatiana, na kijana mmoja pembeni, shuka miguuni, anawatazama kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umefungwa.

Giza. Halafu makofi. Yalianza nyuma, yakaja mbele, yakasimamisha hata walimu, na hayakwisha mpaka mkuu wa chuo alipopanda jukwaani akapiga meza.

"Sina haja ya kwenda kushauriana," alisema. "Filamu bora ya mwaka huu mmekwisha kuichagua wenyewe. Kijana, simama. Tukio lile la mwisho uliliandika vipi?"

Kata alisimama, na Pasi aliona shati limenyooka juu yake kama karatasi mpya. "Mkuu, sikuliandika. Niliandika msichana aseme 'nisaidieni.' Nilikuwa nimejaza filamu damu na meno, na watu wakacheka. Sikujua kwamba mwenye hofu sharti awe na mtu anayeogopa kumpoteza. Na sikujua kwamba mtu akishikwa na mzuka haombi msaada kwa kamati. Anamwita mama yake."

"Na yule mama mlimtoa wapi? Ni mwigizaji wa kikundi gani?"

Vichwa vyote vikageuka. Mama aliubana mkoba wake, kisha akainuka.

"Mimi ni dobi," alisema. "Na sikuigiza chochote. Niliitwa."

Pasi hakuwahi kusikia makofi ya namna ile. Alitazama mama yake amesimama katikati ya watu wote wale wa vitabu, mfupi, kitambaa kimenyooka safari hii, na machozi yakamtoka bila ruhusa. Upande wa pili wa Mama, Kata naye alikuwa analia waziwazi, hajifichi, anacheka humo humo.

Walipotoka ukumbini watu waliwasonga. Wengine walitaka kupiga picha na Mama. Mlingoti alitaka kukiri hadharani kwamba Mama anagonga vizuri. Walipofika kwenye ujia mrefu wa kutokea, Mama alisimama, akatoa simu kwenye mkoba, akaiweka sikioni.

"Wifi, eeh, mimi. Hatujambo. Sikiliza, yule mtoto kesho haji. Hapana, haumwi. Tiketi nitakwenda kuirudisha." Akasikiliza. "Kuna wageni watakuja nyumbani, wazazi wa kijana mmoja. Siwezi kuwapokea peke yangu, wewe ndiye shangazi mtu, ni juu yako kuwahoji. Anafanya kazi gani? Anapiga picha. Anaanguka anguka, lakini anafika."

Pasi aligeuka kwa Kata. Kata alimtazama, akafungua mdomo, na kwa mara nyingine hakuna neno lililotoka. Lakini safari hii hapakuwa na neno lililohitajika.

Mama aliziba simu kwa kiganja. "Mnanitazama nini? Tembeeni, nje kunakuchwa."

Akatangulia. Mwanamke ambaye tangu kamera iingie dukani kwake hakuwaacha wawili wale bila jicho isipokuwa dakika zile za bombani, alitembea mbele yao kwenye ujia ule mrefu, taratibu, taratibu mno, akiongea na wifi yake kwa sauti kubwa ili wajue hasikii kitu kingine. Kata alinyoosha mkono. Pasi akaushika, vidole kwa vidole, mbele ya watu wote waliokuwa wakipita.

Na Mama, hadi mwisho wa ujia, hakugeuka hata mara moja.